Manjano Mawili ya Mabamba

Msafiri atokaye Kibondo kuelekea Mabamba, huko nchi yetu inakopakana na Burundi, hupita katika vilima vya udongo mwekundu, mashamba ya mihogo na migomba, na nyumba za matofali. Miaka ya karibuni nyumba hizo zimeanza kuvaa rangi mpya. Ukuta uliokuwa ukiachwa na wekundu wa tofali lake sasa unapakwa manjano. Mwenye uwezo hupaka nyumba nzima. Asiye nao hutosheka na mkanda mmoja chini ya madirisha. Ndani nako manjano yameingia: pazia, vitambaa vya viti, hata maua ya plastiki juu ya kabati.

Wenye maneno mengi huuliza kama mwenye nyumba ni mpenzi wa Yanga au ni mwanachama wa Chama cha Mapinduzi, maana wote wawili hutumia rangi hii pamoja na kijani. Mara nyingi sababu ni nyepesi zaidi. Nyumba ya matofali ya udongo yenye madirisha madogo ni giza mchana kutwa, na manjano huurudisha ule mwanga mdogo unaopenya. Waliohamia vijijini wakati wa Operesheni Kigoma ya mwaka 1972 walianza maisha mapya katika vibanda. Mjukuu wao akitaka sebule inayong'aa, hatuoni kosa lake.

Lakini yako manjano ya namna mbili, na tofauti yake haionekani kwa macho.

Ya kwanza ni ya ardhini. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi Amani katika milima ya Usambara, aliwaeleza wataalamu wenzake jambo ambalo mkulima wa Afrika Mashariki alikuwa amekwisha kulijua kwa jembe: kwamba udongo hubadilika kwa mpangilio kutoka kileleni hadi bondeni. Juu, maji yanakopita upesi, chuma kilichomo udongoni huwa chekundu. Chini ya mteremko, unyevu unakokawia, huwa cha manjano. Bondeni udongo huwa wa kijivu au mweusi. Anayetaka ushahidi aende kwenye tanuru la matofali. Tofali lililofyatuliwa kwa udongo wa manjano huingia motoni likiwa manjano, likatoka jekundu, kwa kuwa moto umeyafukuza maji yaliyokuwa yamefungamana na kile chuma.

Udongo huo huanikwa, ukapondwa na kuchekechwa. Kisha hutiwa majini, mchanga ukazama, na tope laini lililobaki juu likamiminwa katika chombo kingine. Likichanganywa na uji mwepesi wa unga wa muhogo hushika vizuri, wala halimpaki vumbi kila aegemeaye ukuta. Haligharimu fedha. Kasoro yake, nasi hatuifichi, ni kwamba mvua huliosha, na kazi ya kusiliba na kupaka upya huwaangukia kina mama, ambao wana mashamba ya kupalilia na maji ya kuteka. Mama akipendelea kopo la dukani, ambalo rangi yake hudumu miaka kadhaa, nani atamlaumu?

Hapo ndipo yanapoingia manjano ya pili. Manjano makali ya rangi ya mafuta kwa muda mrefu yametengenezwa kwa madini ya risasi, yaani madini yale yale ambayo wavuvi wetu wa visiwani hufunga mshipini na kuyaita chubwi. Viwanda vinaweza kutengeneza manjano bila risasi, na vingi hufanya hivyo. Lakini si vyote. Katika uchunguzi wa rangi za mafuta uliofanywa katika nchi nyingi, Tanzania ikiwamo, manjano na nyekundu ndizo zilizokutwa mara nyingi na risasi nyingi kupita kiasi.

Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema kwamba hakuna kiasi cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Anayeumia zaidi ni mtoto mdogo. Rangi ikizeeka hupasuka na kudondoka, vumbi lake likatua sakafuni. Mtoto atambaaye hulishika, akatia vidole kinywani, na vipande vyake vina utamu. Hatapata homa wala harara ya kumshtua mama yake. Atakawia kujifunza, atapungukiwa na damu, na mwalimu wake baadaye atamwita mzito. Kilichoharibika katika ubongo hakirudi. Fundi naye akwanguapo rangi ya zamani kwa msasa, bila kitambaa puani, hujaza vumbi hilo katika kifua chake na kulipeleka nyumbani katika nguo zake.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni risasi isiyozidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni moja za rangi, na viwango vya Jumuiya ya Afrika Mashariki vimekwisha kukipokea. Kwa hiyo ndugu zetu watumishi wa serikali hawana haja ya kubuni sheria nyingine. Bara liko Shirika la Viwango, lililozaliwa kwa sheria ya mwaka 1975. Zanzibar iko Taasisi ya Viwango, iliyozaliwa kwa sheria ya mwaka 2011. Kilichobaki ni urefu wa mkono. Kiwanda cha Dar es Salaam hufikika kwa urahisi. Lakini katika masoko ya mpakani bidhaa hupita mabegani na juu ya baiskeli, na katika maduka madogo rangi humiminwa katika chupa ndogo zisizo na maandishi, kwa sababu mnunuzi hana fedha za kopo zima. Nani amepata kuchukua kijiko cha rangi hiyo na kukipeleka maabara? Wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wajiulize vivyo hivyo kuhusu makopo yanayoshuka bandarini na majahazini.

Tunakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia watu wapatao milioni mbili kwa redio, vijitabu na vikundi vya kusikiliza. Watu walichimba vyoo na kufyeka vichaka kwa sababu walielezwa kwa nini. Bwana afya wa leo, akiongeza sentensi tatu juu ya rangi ya manjano anapokagua nyumba au anapozungumza na wazazi kliniki, hatahitaji bajeti mpya.

Visiwani wanayo dawa ya ile kasoro tuliyoitaja. Kuta za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe na chokaa iliyochomwa kutokana na mawe ya matumbawe, na kila fundi mzee ajua kwamba ukuta wa namna hiyo ukipakwa rangi ya mafuta hufungiwa unyevu ndani, chumvi ikachomoza, lipu ikaanguka. Manjano ya risasi yakitiwa katika chokaa hugeuka rangi ya chungwa. Manjano ya udongo hayageuki. Hukauka pamoja na chokaa, yakawa kitu kimoja nayo, na mvua huyaondoa polepole sana kuliko inavyoliondoa lile tope la uji wa muhogo.

Mabamba wana udongo, na chokaa hupatikana madukani kwa gunia. Halmashauri ya Kibondo ingeweza kuanza na ukuta wa zahanati moja, upande upigwao na mvua, kisha ikahesabu ni masika mangapi yatapita kabla ya kuhitaji kupakwa tena.