Uzamili wa teolojia: mzee asiuze shamba kwanza

Juma lililopita nilikutana na mzee mmoja wa Mbinga hapa Songea mjini. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani, akanieleza linalomkosesha usingizi. Kijana wake ana shahada ya kwanza, na sasa amepata nafasi ya kusoma uzamili wa teolojia. Karo hakuna. Mzee anafikiria kuuza nusu ya shamba lake la kahawa. "Mwanangu," akaniuliza, "akimaliza atalipwa kiasi gani?"

Pale pale sikuwa na jibu. Najibu leo, maana swali hili ni la wazazi wengi.

Kwanza, katika kazi ya dini malipo hufuata nafasi kuliko cheti. Tutazame Kanisa Katoliki. Mtawa wa abasia ya Peramiho, iliyoanzishwa mwaka 1898, hata awe na shahada tatu, anachopata kwa kazi yake ni mali ya shirika. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 668. Padre wa jimbo hana nadhiri hiyo ya ufukara, na kanuni ya 281 inampa haki ya malipo yanayolingana na hali yake. Lakini akiadhimisha Misa zaidi ya moja kwa siku, kanuni ya 951 inamwachia sadaka ya moja tu, isipokuwa siku ya Noeli.

Kwa wachungaji, mengi hutegemea mfuko wa usharika. Usharika wa mjini wenye watumishi na wafanyabiashara haufanani na wa kijijini unaongoja mavuno ya mahindi. Wawili waliosoma darasa moja wanaweza kupishana mbali.

Uzamili huongeza kipato hasa katika ualimu wa vyuo, maana mhadhiri msaidizi hutakiwa kuwa nao. Vyuo vipo, kama Makumira kule Arusha, lakini nafasi zake ni za kuhesabika.

Pili, tarakimu za mshahara zina mtego. Marekani, tangu mwaka 2015, serikali huchapisha mapato ya wahitimu wa vyuo ambao iliwasaidia fedha za masomo. Lakini kule nyumba anayopewa mchungaji haitozwi kodi ya mapato, hivyo kipato chake kwenye karatasi huweza kuonekana kidogo kuliko maisha anayoishi. Hata kwetu wachungaji wengi hukaa nyumba ya kanisa. Ni msaada mkubwa, ila siku ya kustaafu nyumba hubaki ya kanisa, na mzee wa watu huanza kutafuta matofali.

Kwa hiyo, mzee wangu, kabla ya kumwita mnunuzi wa shamba, kijana aulizwe haya: Je, kanisa ndilo linalomtuma? Litachangia karo? Akirudi atapangiwa kazi gani, na ahadi hiyo imeandikwa? Kuna bima ya matibabu na akiba ya uzeeni?

Akileta barua yenye majibu hayo, msaidie kwa moyo wote. Kama anakwenda kwa nguvu zake tu akitumaini cheti kitamtafutia kazi, basi asome polepole, mwaka hadi mwaka, kadiri mavuno yanavyoruhusu. Uza kahawa, mzee wangu. Mibuni usiiuze.