Mwani Hautibu Tezi, Wala Haulindi Moyo

"Daktari, TSH yangu ni 5.9. Nimeambiwa tezi ikizembea, moyo unaharibika. Jeli ya mwani nile vijiko vingapi kwa siku?" Swali hili naulizwa kliniki, harusini, hata msibani. Jibu langu halibadiliki: usile hata kimoja.

Tuanze na namba. TSH ni homoni ambayo ubongo huitumia kuisukuma tezi. TSH ya 5.9, huku T4, homoni ya tezi yenyewe, ikiwa ya kawaida, haimaanishi tezi dundumio imekufa. Ubongo unaisukuma kidogo zaidi ili itoe kiasi kilekile, basi. Wengi wenye namba hiyo hurudi kawaida bila dawa yoyote. Hofu ya moyo ina msingi, kwani homoni zikipungua lehemu mbaya hupanda, mishipa hukakamaa na msuli wa moyo huchelewa kulegea baada ya kila pigo. Lakini hofu hiyo ina mpaka. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2010, uliojumuisha watu zaidi ya 55,000, ulionyesha hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo ikipanda bayana TSH inapofika 10 na kuendelea. Kati ya 4.5 na 7 haikuongezeka.

Sasa mwani. Hoja ya wauzaji ni kwamba tezi inahitaji iodini, na mwani una iodini. Yote mawili ni kweli, ila dawa haipatikani hapo. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za iodini kwa siku, na chumvi yenye madini joto inatosha kumpatia. Kwa anayeila chumvi hiyo, TSH inapopanda na kubaki juu, mara nyingi chanzo ni kinga ya mwili kuishambulia tezi yenyewe. Tezi iliyokwisha kujeruhiwa ukiimiminia iodini, huzidi kulemewa, na TSH uliyotaka kuishusha hupanda.

Hatari kubwa zaidi iko kwa mzee mwenye rovu la siku nyingi lenye vinundu. Vinundu vile vikipata iodini nyingi kwa ghafla huzalisha homoni bila breki. Moyo huanza kwenda mbio na kupapatika bila mpangilio, damu huganda ndani yake, na bonge likikimbilia ubongoni ni kiharusi. Haya si ya kufikirika. Miaka ya 1990, Zimbabwe na Kivu, mashariki mwa Kongo, ziliona wagonjwa wa tezi iliyozidi nguvu wakiongezeka baada ya chumvi yenye iodini kuingia. Madaktari wa moyo nao wanalijua hili vizuri: kidonge cha amiodaroni, dawa ya kurekebisha mapigo ya moyo, cha miligramu 200 kina takriban miligramu 75 za iodini, ndiyo maana anayekitumia hupimwa tezi kila miezi sita. Anayekula jeli hupimwa na nani?

Msinijibu kwamba ni kitu cha asili. Iodini ya baharini na ya kiwandani ni ileile, na kiasi chake hubadilika kwa aina ya mwani na maji ulimoota. Wanawake wanaolima mwani Paje na Jambiani, Zanzibar, wanafanya kazi ya heshima. Zao lao lina soko kubwa viwandani. Anayeligeuza kuwa dawa ya tezi ndiye anayewadanganya wagonjwa.

La kufanya ni hili. Rudia TSH na T4 baada ya miezi miwili au mitatu, pamoja na kipimo cha kingamwili za tezi. Acha vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini angalau siku mbili kabla, kwa sababu huvuruga majibu. TSH ikiwa 10 au zaidi, zungumza na daktari kuhusu levothairoksini, dawa ya homoni ya tezi. Inywe kwa maji matupu nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, na vidonge vya chuma au kalsiamu visubiri kwa muda wa saa nne. Ukiwa na miaka zaidi ya 65 na TSH imepanda kidogo tu, usiililie dawa hiyo: jaribio la mwaka 2017 kwa wazee 737 halikuonyesha nafuu ya dalili. Mjamzito, au anayetafuta mimba, amwone daktari mapema. TSH ikiwa chini ya 0.1, dalili ya tezi iliyozidi nguvu, na umevuka miaka 60, omba kipimo cha umeme wa moyo.

Na kama kweli unauhofia moyo wako, pima presha, sukari na lehemu mwezi huu, acha sigara, na fedha ya jeli ilipie vipimo hivyo.