Sonona baada ya kiharusi: maswali tisa, na mgonjwa asiyeweza kujibu

Chukulia mzee wa Laela aliyepata kiharusi miezi minne iliyopita. Mkono wa kulia umelegea, mahindi wanalima watoto. Leo kaletwa kliniki ya presha Sumbawanga mjini. "Shikamoo mzee, unaendeleaje?" "Marahaba, namshukuru Mungu." Presha inapimwa, dawa zinatolewa, anarudi nyumbani. Kumbe chakula hakimpandi, na vidonge anameza akijisikia tu.

Wapo wengi wa namna hiyo. Tafiti nyingi zilipounganishwa, ilionekana karibu mtu 1 kati ya 3 waliopata kiharusi hupata sonona wakati fulani ndani ya miaka 5. Wala si kudeka. Ubongo umejeruhiwa na maisha yamegeuka ghafla, vyote vinachangia. Mwenye sonona huchoka na mazoezi, huacha dawa, na hatari ya kufa inapanda.

Dodoso linalotumika sana kuitafuta ni PHQ-9, lililochapishwa mwaka 2001, na kwa Kiswahili lipo. Maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila moja alama 0 hadi 3. Anayefikisha 10 aonwe kwa undani zaidi. Alama hizo peke yake si jina la ugonjwa.

Sasa piga hesabu. Usingizi mbaya 3, uchovu 3, kukosa hamu ya kula 2, kuongea au kutembea polepole 3. Tayari ni 11, na hajasema ana huzuni hata kidogo! Dalili hizo zote kiharusi chenyewe kinaweza kuzileta. Hata hivyo usilitupe dodoso: utafiti wa Marekani wa mwaka 2005 kwa waliopata kiharusi ulionyesha kikomo cha 10 kiliwanasa 91% ya wenye sonona kali. Mimi ningetazama kwanza maswali mawili ya mwanzo, yaani kukosa raha na mambo aliyoyapenda, na kujisikia huzuni. Hayo mguu uliopooza hauyajibu.

Tatizo kubwa zaidi ni aliyepoteza usemi. Huyo dodoso la mdomo linamwacha nje kabisa. Kwa ajili yake kuna SADQ, lililotengenezwa Uingereza, ambalo anajibu anayemuuguza: je, analia? Anakwepa kukutazama machoni ukimsemesha? Anakataa kukaa na wenzake? Anakesha akihangaika? Kwa hiyo binti aliyemsindikiza mzee asiachwe kwenye benchi nje. (Angalizo: wengine baada ya kiharusi hulia au kucheka bila kukusudia, na huzuni hawana. Muulize binti kama kilio hukatika ghafla kama kilivyoanza.)

Na kuuliza mara moja siku ya kutoka wodini hakutoshi, maana sonona huweza kuja miezi mingi baadaye. Kliniki ya presha tayari anakuja. Maswali mawili hayachukui dakika tano. Akikubali swali la tisa, la kuwaza kujidhuru au kwamba heri afe, jumla ya alama haisubiriwi. Anaonwa siku hiyohiyo, hata kama basi la Laela litamwacha.