Matende si Urithi wa Ukoo

Ndugu zetu wa Mbwera, na wa delta yote ya Rufiji, wanaijua vema habari hii. Posa inapoletwa, huchunguzwa kwanza ukoo wa kijana. Akionekana babu mwenye matende na baba mwenye busha, hunenwa kwamba ukoo ule una ugonjwa wake, na kijana asiye na dosari yo yote hunyimwa mke.

Twaelewa kwa nini watu husema hivyo. Maradhi haya kwa kawaida hujitokeza ukubwani, na humjia mwana kama yalivyomjia baba. Jambo lisiloonekana utotoni, kisha likaandama nyumba moja, lina sura yote ya urithi. (Wengine huyasingizia madafu, nayo hayana hatia.)

Lakini baba na mwana hawakushiriki damu tu. Walilala nyumba moja, kando ya mashamba yale yale ya mpunga, wakaumwa na mbu wale wale. Mwaka 1877 daktari Patrick Manson, akiwa Amoy nchini China, aligundua kwamba vijidudu vya ugonjwa huu hukua ndani ya mbu. Leo yajulikana kwamba wengi huambukizwa wangali watoto. Minyoo myembamba kama uzi hukaa katika mishipa ya limfu, yaani mishipa ipitishayo maji ya mwili, ikaishi humo miaka sita hadi minane, na kuzaa vijidudu kwa mamilioni ambavyo huingia katika damu usiku, mbu aumapo. Mishipa huharibika kimya kimya. Siku mguu unapovimba, uharibifu ni wa miaka mingi.

Hatusemi kwamba urithi hauna lake. Miili haifanani katika kupambana na minyoo. Tena yapo maradhi ya urithi hasa, kama sikoseli, ambayo mtoto huyapata kwa kurithi kasoro kwa baba na kwa mama pia, wala chandarua hakiyazuii. Ila asiyeumwa na mbu wenye vijidudu hapati matende haya, hata kama ukoo mzima unayo.

Hasara iko hapa: aaminiye kwamba ugonjwa umo katika damu ya ukoo haoni sababu ya kumeza vidonge. Serikali ilianza kugawa Mectizan na albendazoli mwaka 2000 kisiwani Mafia, kinachoielekea delta, kisha ikaendelea bara. Humezwa mara moja kwa mwaka, kwa miaka kadhaa, hata na mtu ajionaye mzima, kwa maana huenda ndiye mwenye vijidudu katika damu. Zinapogawiwa, tunawataka viongozi wa matawi wawe wa kwanza kumeza, hadharani. Uvumi kwamba zinaua uzazi hauvunjwi kwa hotuba.

Naye aliyekwisha kuvimba aoshe mguu kila siku kwa maji na sabuni, aukaushe vema, auinue alalapo, usizidi. Busha hupasuliwa hospitalini, na mzee akarudi kwenye kasia lake.