Breki za Motokaa Ndogo za Zamani, na Jinsi ya Kuzitengeneza kwa Mashindano

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, leo twataka kueleza habari za breki. Watu wengi wakisikia neno mashindano ya motokaa hufikiri habari za mwendo tu. Walakini fundi aliyeizoea kazi hiyo, ukimpa motokaa ndogo ya zamani aitengeneze kwa mashindano, haanzi na injini. Huanza na breki. Sababu yake ndiyo tutakayoieleza, na mwishowe mtaona kuwa jambo hili lawahusu hata wale wasio na motokaa, lakini hupanda basi la Handeni au lori la mahindi liendalo Korogwe.

Mwaka 1953 katika Afrika Mashariki yalianzishwa mashindano makubwa ya motokaa kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Baadaye yakajulikana pote kwa jina la Safari Rally. Katika miaka ile njia yake ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, wala haikuwa uwanja uliosawazishwa, bali ni barabara zile zile za wananchi, zenye vumbi, matope, vijito na miteremko. Volkswagen ndogo, yenye mgongo wa duara kama kobe, ilishinda mwaka 1954, na 1957, na tena 1962. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza 7 tu. Mwaka 1965 Joginder Singh wa Kenya, ambaye mwenyewe alikuwa fundi, alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant. Walitumia Volvo ya aina ya PV544 iliyokwisha kushindana mwaka uliotangulia, na breki zake zilikuwa za namna ya kizamani kwenye magurudumu yote manne. Basi twajifunza ya kuwa ushindi haukuwa wa chombo kipya, bali wa chombo kilichotunzwa.

Mashindano hayo baadaye yalibaki Kenya peke yake. Lakini mwaka 2003, miaka 50 baada ya yale ya kwanza, yalianzishwa mengine kwa ajili ya motokaa za zamani, nayo yamepita mara kadhaa katika Kenya na Tanzania. Mwaka 2007 alishinda Björn Waldegård wa Sweden, akiendesha Ford Escort. Mtu yule yule alikuwa ameshinda Safari Rally mwaka 1977, naye akiendesha Ford Escort. Ndiyo kusema chombo kidogo cha zamani chaweza kufanya kazi kubwa, kikipata fundi mwenye akili.

Sasa tuulize: breki hufanya kazi gani? Sugueni viganja vyenu kwa nguvu, mtaona vinapata moto. Breki nayo hufanya vivyo hivyo. Husugua chuma kinachozunguka, mwendo ukageuka kuwa joto, na joto likatoka kwenda hewani. Breki haiwezi kuufuta mwendo ukawa si kitu. Huweza kuugeuza tu. Kwa hiyo kazi yote ya kutengeneza breki, ukiitazama vizuri, ni kazi ya kulipokea joto na kuliondoa upesi.

Natutoe mfano wa nchi yetu. Kutoka Lushoto kushuka hadi Mombo, katika Wilaya ya Korogwe, ni kilometa 30 na kitu, na mtu hushuka kiasi cha meta 1,000 kwenda chini. Tuchukue Volkswagen yenye kilo 740 hivi. Ikipakia watu wawili, mafuta, spana na magurudumu ya akiba, itakaribia kilo 1,000. Hesabu yatuonyesha kwamba, kama breki pekee ndizo zingeizuia motokaa hiyo katika mteremko wote, zingepokea joto la kutosha kuchemsha debe moja na nusu la maji baridi. Fikirini, debe moja na nusu la maji, na jiko lake ni vyuma vinne vidogo vilivyofichwa ndani ya magurudumu!

Tena mwendo una hila yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, joto halizidi mara mbili, bali huzidi mara nne. Motokaa iendayo kilometa 40 kwa saa, kwenye lami kavu na matairi mazuri, huweza kusimama katika meta 9 hivi tangu breki ziliposhika. Ikienda kilometa 80 kwa saa, itataka meta 36. Na kabla breki hazijashika, dereva huchukua kama sekunde moja kuona na kukanyaga. Katika sekunde hiyo motokaa ya kilometa 80 imekwisha kupita meta 22. Kwenye changarawe, umbali huo huzidi tena.

Motokaa ndogo nyingi za zamani zina breki za dramu. Dramu ni chuma cha duara mfano wa sufuria, nacho huzunguka pamoja na gurudumu. Ndani yake mna vipande viwili vya umbo la mwezi mchanga, ambavyo mafundi huviita brekishu, vimevikwa kitu kigumu cha kusugulia. Dereva akikanyaga pedali, mafuta ya breki husukumwa kutoka masta silinda, hupita katika mabomba membamba, na kuzisukuma brekishu zibane dramu kwa ndani. Mafuta hayashindiliki, ukiyasukuma upande huu, nguvu hutokea upande ule bila kupotea. Hewa si hivyo. Hewa hushindilika kama mpira wa miguu, na hewa ikiingia katika mabomba, pedali huwa laini na breki hulegea.

Katika mteremko mrefu breki huweza kushindwa kwa njia mbili, na yafaa kila dereva azijue tofauti zake. Njia ya kwanza, dramu hupata moto ikatanuka, ikajitenga na brekishu, na kile kitu cha kusugulia kikapoteza ukali wake. Hapo dereva hukanyaga kwa nguvu zote na motokaa haisikii. Njia ya pili ni mafuta kuchemka. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewani kidogo kidogo kila mwaka. Yale ya daraja la DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya digrii 205 za Selisiasi. Yakiisha kunywa maji huweza kuchemka kwenye digrii 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hushindilika kama hewa. Hapo pedali huzama mpaka chini bila kazi yo yote.

Kwa sababu ya udhaifu huo wa dramu, watu walitafuta njia nyingine. Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya uvumbuzi wa breki za diski mwaka 1902. Diski ni sahani ya chuma iliyo wazi hewani, nayo hubanwa na pedi pande zote mbili. Ikipata moto haijitengi na pedi, na upepo huipoza upesi. Ilipofika mwaka 1953 motokaa ya Jaguar yenye breki za diski ilishinda mashindano ya saa 24 huko Le Mans, Ufaransa, na tangu hapo mafundi wakaamini.

Basi fundi anayetengeneza motokaa ya zamani kwa mashindano afanyeje? Kwanza, afungue kila kitu na kukipima. Dramu iliyokwisha kupinda au kulika kupita kiasi haifai, hata ikisuguliwa ing'ae. Atie mipira mipya katika silinda zote, maana mpira wa miaka 40 huonekana mzima kwa macho, na siku ya kazi ukapasuka.

Pili, aondoe mafuta yote ya kale, atie mapya ya DOT 4, ambayo huvumilia joto zaidi, na atoe hewa yote. Akianza mashindano na mafuta ya zamani, ajue amepanda mlima na maji mfukoni.

Tatu, atazame mabomba. Barabarani mwetu mawe huruka na kugonga chini ya motokaa. Kwa hiyo bomba la breki lipitishwe ndani ya motokaa, au likingwe kwa chuma. Tena motokaa nyingi za zamani zina njia moja tu ya mafuta. Bomba moja likitoboka, magurudumu yote manne hukosa breki. Afadhali afunge masta silinda ya njia mbili, ili upande mmoja ukifa, wa pili ubaki kumwokoa mtu.

Nne, kama sheria za mashindano zaruhusu, afunge diski katika magurudumu ya mbele. Kama haziruhusu, achague brekishu zenye kitu cha kusugulia kivumiliacho joto, na kuipatia dramu njia ya upepo. Lakini ajihadhari: zile ngumu sana za mashindano hazishiki vema zikiwa baridi, wala hazimfai mtu aendaye sokoni asubuhi.

Tano, alinganishe nguvu ya mbele na ya nyuma. Motokaa ikifunga breki, uzito wake huinamia mbele, na magurudumu ya nyuma huwa mepesi. Yakibanwa sana husimama kuzunguka, yakateleza, na motokaa ikageuka mkia mbele. Kwa hiyo breki za mbele hupewa nguvu zaidi. Wala tusisahau matairi na shokapu. Breki husimamisha gurudumu tu. Kinachosimamisha motokaa ni tairi lililoshika ardhi. Tairi lililokwisha, au linalorukaruka kwa ubovu wa shokapu, huzifanya breki bora zikawa bure.

Baada ya kazi hiyo asikimbilie mashindanoni. Brekishu mpya lazima zizoeane na dramu. Apate barabara tupu, afunge breki kwa kiasi mara nyingi, aache zipoe, kisha afungue na kutazama kama zimegusa sawasawa. Ni hapo tu ndipo ajaribu kwa nguvu.

Lipo na onyo moja kubwa la afya. Brekishu nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni huleta maradhi mabaya baada ya miaka mingi. Mtu asipulize vumbi la dramu kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, na watoto wasikae karibu. Lioshwe kwa kitambaa kilicholowa maji, na kitambaa kitupwe mahali salama.

Sasa twaja kwa dereva, maana breki bora katika miguu mibaya ni hasara. Dereva wa mashindano hupunguza mwendo kabla ya kuingia pindi, motokaa ingali imenyooka. Katika mteremko hutia gia ndogo, injini ikasaidia kuzuia, na breki huzikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi, kisha akaziachia zipoe. Hazikalii kwa mguu kilometa baada ya kilometa. Akiisha kuvuka kijito, hukanyaga kidogo kidogo huku akienda polepole, ili brekishu zikauke, maana dramu yenye maji haishiki.

Tazameni sasa jinsi mambo hayo yanavyowafaa wasio na habari na mashindano. Sisi tukaao katika wilaya hizi twaona magari yakishuka na mboga za Lushoto, na malori yakitoka Handeni yamejaa mahindi. Lori lenye tani 10 likishuka meta 1,000 huzalisha joto mara kumi ya ile Volkswagen yetu. Wapo madereva ambao wakifika mteremkoni huondoa gia ili kuokoa mafuta. Mtu wa namna hiyo huokoa dizeli ya senti chache, na mzigo wote, pamoja na roho za watu, ameutundika juu ya breki peke yake. Ukiwa abiria ukasikia harufu kali ya kuungua kutoka magurudumuni, usione haya kumwambia dereva, kwa adabu: "Ndugu dereva, breki zimepata moto, tafadhali tusimame zipoe." Wala zisimwagiwe maji, kwa maana chuma chenye moto mkali kikipata baridi ya ghafula huweza kupasuka.

Hata mwenye motokaa moja mbovu aweza kufanya mambo matatu bila gharama kabla ya safari. Atazame mafuta ya breki katika chupa yake. Kama yamepungua, atafute yalikokwenda kabla ya kuyaongeza. Akanyage pedali na kuishikilia wakati wa kuhesabu mpaka thelathini. Ikizama polepole, ipo mahali inapovuja. Kisha aende taratibu mahali tambarare na kufunga breki. Motokaa ikivuta upande mmoja, gurudumu moja halifanyi kazi yake. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa breki huonekana kwanza kama tone moja la mafuta katika vumbi, chini ya gurudumu, asubuhi kabla ya safari. Atakayeinama kulitazama ndiye atakayefika.