Mkupuo wa mstaafu wapungua, wauza mabati wapige hesabu

Mtumishi wa umma Tanzania aliyechangia miezi 360, wastani wa mshahara wake ukiwa sh. milioni 1 kwa mwezi, kwa hesabu ya zamani ya PSPF angeondoka na mkupuo wa sh. milioni 62. Kikokotoo cha Julai 2022, cha asilimia 33, kiliushusha hadi milioni 30.7. Bajeti ya 2024/25 ikapandisha kiwango kuwa asilimia 40 kwa waliokuwa wakilipwa nusu. Hapo anapata milioni 37.2.

Pensheni ya mwezi, kweli, imenona: kutoka sh. 333,000 hadi 372,000 hivi. Kwa mzee mwenye miaka mingi mbele, si haba. Lakini nyongeza ya sh. 39,000 haiezeki nyumba. Mkupuo ndio uliomalizia paa, ukanunua mashine ya kusaga, ukampa kijana asiye na ajira mtaji wa genge.

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayesubiri wateja wa kiinua mgongo afikirie kuuza kwa awamu. Fedha ipo, ila sasa inakuja kila mwezi.