Bastola kubwa ya bei nafuu: hesabu yake kwa wafanyabiashara wa Jinja na Mbale

Kila msimu wa kahawa ya Bugisu unapofunguka, swali moja hurudi miongoni mwa wafanyabiashara wanaosafiri na fedha taslimu kati ya Jinja na Mbale: je, ninunue bastola? Na kama nitanunua, ni ipi kubwa, yenye risasi nzito, ambayo haitanimaliza mfukoni?

Swali lina msingi. Wakulima wa Sironko, Bududa na Kapchorwa wanataka kulipwa papo hapo kahawa inapopimwa. Noti kubwa kuliko zote nchini Uganda ni ya Sh50,000. Kwa hiyo Sh100 milioni ni noti 2,000, yaani mabunda 20 ya noti mia mia, mzigo unaoingia ndani ya mkoba wa mtoto wa shule. Mkoba huo husafiri kilomita zipatazo 150 kupitia Iganga, Nakalama, Namutumba na Tirinyi. Wengine huzunguka kupitia Bugiri na Tororo, njia inayopita msitu wa Busitema, jina ambalo dereva yeyote wa lori analifahamu kwa sababu ya uporaji wa miaka mingi.

Makala haya yanaeleza silaha yenyewe, kisha sheria ya Uganda, kisha mpaka wa Kenya, na mwisho gharama zake zikilinganishwa na njia nyingine za kulinda fedha. Msomaji mwenye haraka ajue mapema kwamba bei ya dukani ndiyo sehemu ndogo ya gharama.

Kaliba kubwa maana yake nini

Kaliba ni kipenyo cha risasi. Bastola nyingi za polisi na majeshi duniani hutumia risasi ya milimita 9. Anayesema anataka "kubwa" kwa kawaida anamaanisha .45, ambayo hupimwa kwa inchi na ina upana wa karibu milimita 11.4. Katikati yake ipo .40, na ipo pia milimita 10, ambayo ina nguvu zaidi na teke kali zaidi.

Sifa ya .45 ilitoka Marekani. Jeshi la nchi hiyo lilichagua bastola ya .45 iliyobuniwa na John Browning mwaka 1911 na kukaa nayo hadi mwaka 1985, lilipohamia Beretta ya milimita 9. Mwaka uliofuata, 1986, maofisa wawili wa FBI waliuawa katika mapambano ya risasi mjini Miami, na lawama zikaangukia risasi ya milimita 9 kwamba haikuingia vya kutosha. FBI wakapanda hadi milimita 10, wakaona teke lake ni kubwa mno kwa maofisa wengi, wakashuka hadi .40. Katikati ya miaka ya 2010 walirudi kwenye milimita 9. Sababu walizotoa ni kwamba risasi za kisasa zimepunguza tofauti ya nguvu, na kwamba maofisa wengi walilenga vizuri zaidi na kwa haraka zaidi wakiwa na milimita 9.

Hilo ni shirika lenye bajeti kubwa na watu wanaofanya mazoezi ya kulenga kila mara. Mfanyabiashara wa kahawa ambaye atafyatua risasi mara mbili kwa mwaka hana sababu ya kuanza na kaliba ambayo wao waliiona ngumu.

Ukubwa wa bastola nao una hesabu yake. Bastola ya ukubwa kamili ina mtutu mrefu na mpini unaojaza kiganja. Uzito wake hupunguza teke na urefu wake husaidia kulenga. Lakini haijifichi. Bastola ya aina ya 1911 ina mtutu wa milimita 127, uzito unaozidi kilo moja kabla ya kutiwa risasi, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 7. Glock 17 ya milimita 9, ambayo pia ni ya ukubwa kamili, ina uzito wa gramu zipatazo 630 ikiwa tupu na hubeba risasi 17. Ndani ya teksi ya abiria 14 iliyojaa hadi mlangoni, kilo moja ya chuma kiunoni huonekana, na kinachoonekana kinamtambulisha mwenye mkoba.

Nafuu ni ipi

Bastola za .45 za bei ya chini zinazotajwa sana ni nakala za 1911 zinazotengenezwa na Armscor ya Ufilipino, nyingine kutoka viwanda vya Uturuki, na baadhi ya Taurus za Brazil. Si bidhaa mbovu. Ni nafuu kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa miundo ya zamani, katika nchi zenye gharama ndogo za kazi.

Ila bei unayoiona kwenye tovuti ya Marekani si bei yako. Silaha inayofika Uganda kihalali imelipiwa kibali cha kuingiza, usafiri maalumu, ushuru na faida ya muuzaji mwenye leseni, na wauzaji hao ni wachache. Soko lenye wauzaji wachache halina punguzo la kweli. Muulize muuzaji maswali mawili kabla hata ya kugusa bastola: je, analeta risasi za kaliba hii kila mara, na je, yupo fundi mwenye vipuri vyake? Katika soko la dunia risasi ya .45 ni ghali kuliko ya milimita 9, mara nyingi kwa nusu ya bei au zaidi. Bastola nafuu inayokula risasi adimu ni sawa na lori la bei poa ambalo tairi zake haziuzwi popote kuanzia Mombasa hadi Kampala.

Kwa silaha iliyotumika, tazama ndani ya mtutu kama kuna kutu au mikwaruzo, pima kama springi ya magazini bado ina nguvu, na soma namba ya silaha. Kama namba imefutwa au kusuguliwa, ondoka. Hapo hakuna bei ya kujadili.

Hili linatupeleka kwenye "nafuu" ya aina nyingine, ile ya kunong'onezwa. Mbale iko karibu na Karamoja, eneo ambalo silaha haramu zilienea tangu kambi ya jeshi ya Moroto ilipoporwa mwaka 1979, baada ya Idi Amin kuanguka. Serikali ilianza kampeni ya kukusanya silaha huko mwishoni mwa mwaka 2001 na imelazimika kuirudia. Silaha ya njia hiyo inaweza kuwa imetumika kwenye mauaji ambayo wewe huyajui, na siku itakapokamatwa mkononi mwako, maelezo utayatoa wewe.

Sheria ya Uganda

Sheria ya Silaha ya mwaka 1970 hairuhusu mtu kununua wala kumiliki bastola bila cheti. Mwombaji lazima awe na umri usiopungua miaka 25, akili timamu na mwenendo mzuri, na aeleze sababu ya kweli ya kuhitaji silaha. Maombi huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, mtu anayekufahamu nyumbani, hupitia vyombo vya usalama vya wilaya, na uamuzi wa mwisho huwa wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Cheti kinapaswa kuhuishwa kila mwaka. Basi usilipe malipo ya awali ya bastola kabla cheti hakijatoka. Fedha iliyolala dukani kwa miezi ni mtaji uliokufa, na msimu haukusubiri.

Cheti ni cha mtu aliyetajwa na silaha iliyotajwa. Wenye magari, someni hapo mara mbili. Tajiri wa Jinja mwenye bastola halali hawezi kumkabidhi dereva wake ili ailinde safari ya Mbale. Dereva akikutwa nayo, hana cheti, na tajiri naye ana kesi ya kujibu.

Juni 2018, baada ya mbunge Ibrahim Abiriga kuuawa kwa risasi, Rais Museveni aliagiza bunduki zote nchini zichukuliwe alama, na polisi wakaanza kupima silaha za raia pia ili risasi iliyofyatuliwa iweze kutambulishwa na bunduki iliyoitoa. Kila risasi utakayofyatua ina njia ya kurudi kwako, hata ile iliyompata mpita njia katika stendi ya Iganga. Risasi nzito haina msamaha kwa aliyesimama nyuma ya mlengwa.

Mpaka wa Malaba

Hapa ndipo wasafirishaji wengi hukosea. Soko la Pamoja la Afrika Mashariki lilianza Julai 2010, na watu wakazoea kuvuka na mahindi, ndizi na vitambulisho. Silaha haimo humo. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaweka silaha na risasi katika jedwali la bidhaa zenye vizuizi. Cheti cha Uganda hakina nguvu Kenya, ambako umiliki husimamiwa na Bodi ya Leseni za Silaha chini ya sheria yao wenyewe, na cha Kenya hakimlindi Mkenya aliyesimama Jinja.

Kwa mwenye lori hatari ni mbili. Mtu anaweza kufungwa, na sheria ya forodha inaruhusu pia kutaifisha gari lililotumika kubeba bidhaa iliyokatazwa au kuvushwa bila kibali. Bastola ya akiba chini ya kiti cha dereva inaweza kukugharimu trela zima. Iwe Malaba, Busia, Lwakhakha au Suam, mwenye silaha halali anayetaka kuvuka nayo lazima awe na kibali cha nchi anayoingia kabla hajafika kwenye geti. Tusidhani kwamba vituo vya pamoja vya mpakani vimelegeza hilo. Vimefupisha foleni ya mizigo tu.

Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004, ambayo Uganda na Kenya ni wanachama, inazitaka serikali kupiga marufuku raia kumiliki bunduki za kivita za kujipakia zenyewe, na kuweka alama kwenye silaha. Bastola haikufungiwa, ila mwelekeo wa kanda ni kubana.

Hesabu yenyewe

Sasa tuulize kama bastola inafanya kazi inayonunuliwa kufanya. Machi 2017 Andrew Felix Kaweesi, ofisa wa ngazi ya juu wa polisi ya Uganda, aliuawa ndani ya gari lake jijini Kampala pamoja na dereva na mlinzi mwenye bunduki. Oktoba 2022 watu wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Busiika, wakaua askari wawili na kuondoka na bunduki. Mshambuliaji huchagua saa na mahali. Na silaha yenyewe ni mali anayoitaka. Mfanyabiashara aliyebeba Sh100 milioni na bastola amebeba vitu viwili vya kuibwa.

Linganisha na kutobeba fedha kabisa. Uhamisho wa benki kutoka Jinja hadi tawi la Mbale hupunguza safari ya noti kutoka kilomita 150 hadi umbali wa benki na ghala lako. Kubaki huko kwa saa mbili ukihesabu ni hatari ndogo kuliko Tirinyi saa moja jioni.

Wengi hulalamikia kodi ya fedha za simu, na malalamiko yana haki. Julai 2018 serikali iliweka asilimia 1, na kabla mwaka haujaisha ikaishusha hadi asilimia 0.5 kwa kutoa fedha tu. Kwa Sh100 milioni hiyo ni Sh500,000, mbali na ada za kampuni. Lakini tazama inavyogawanyika. Tuchukue kahawa ya Sh10,000 kwa kilo kama mfano: asilimia 0.5 ni Sh50. Mnunuzi anayeongeza Sh50 kwa kilo amemlipia mkulima kodi ya kutoa, na mkulima hana tena sababu hiyo ya kudai noti. Kilichobaki ni ada ya wakala, na hiyo mnaweza kuipatana pale pale kwenye mizani.

Kwa kiasi kikubwa zaidi, kuna kampuni za ulinzi zilizosajiliwa chini ya kanuni za mwaka 2013, zenye walinzi waliofunzwa na silaha ambazo leseni yake si mzigo wako. Zipo pia bima za fedha zinazosafirishwa. Omba bei ya safari ya Jinja hadi Mbale kwa msimu mzima badala ya safari moja moja, maana wateja wawili watatu wa barabara moja wakiungana hupata bei nzuri. Weka bei hiyo upande mmoja wa karatasi. Upande wa pili andika bastola, risasi za mazoezi, sefu ya chuma iliyofungwa ukutani, ada za kila mwaka na siku ulizopoteza ofisini.

Baada ya kuandika yote hayo, wapo ambao bado wataihitaji, hasa mwenye ghala anayelala na mali yake mahali ambapo polisi wako mbali. Kwake, milimita 9 ya ukubwa kamili kutoka kiwanda kinachojulikana, iliyotumika lakini yenye karatasi safi, inafaa kuliko .45 mpya ya bei ya kutupa. Haitoki ghalani. Anapokwenda Bungoma kukusanya madeni, inabaki ndani ya sefu, na ufunguo anao yeye peke yake.